GHARAMA YA SHERIA NI SEHEMU YA BEI YA PLOTI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa matawi ya Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha. Twayapiga chapa hapa kwa faida ya ndugu waliokuwa zamu siku ile na hawakuweza kuhudhuria.)



Wako watakaouliza: Chama cha wafanya kazi kina shauri gani na habari za ploti? Kazi ya chama si mshahara, na likizo, na kumtetea mtu aliyefukuzwa kazi bila sababu? Ndiyo, hiyo ndiyo kazi yetu. Lakini tazameni mshahara wenyewe unakwenda wapi. Mtu hufanya kazi miaka ishirini na tano, akastaafu, akapewa kiinua mgongo chake, na jambo la kwanza analolitafuta ni mahali pa kujenga. Chama kimepigania fedha ile senti kwa senti. Ikiwa fedha hiyo yapotea kwa siku moja, katika chumba cha nyuma cha hoteli, mbele ya dalali na karatasi moja yenye muhuri, basi kazi yetu ya miaka yote hiyo imekwenda bure. Kwa sababu hiyo twasema shauri la ploti ni shauri la mshahara.

Tena sisi wa Nakuru tuna sababu zaidi ya wengine. Mji huu ulizaliwa na reli, na mashamba yaliyouzunguka yalikuwa ya walowezi. Mwafrika aliruhusiwa kuyalima kwa mshahara, lakini hadi mwanzo wa miaka ya 1960 hakuruhusiwa kumiliki ardhi katika nchi ile iliyoitwa ya Wazungu. Aliishi katika nyumba za mwajiri, na kazi ikiisha, nyumba nayo ikaisha. Baada ya uhuru wazee wetu walichanga fedha wakaingia katika makampuni ya kununua mashamba. Wengi walipata ardhi kwa njia hiyo, nasi twawashukuru. Lakini wengi pia walikaa miaka na miaka wakiwa na cheti cha hisa tu, bila hati, hata serikali katika miaka ya 1980 ikayaamuru makampuni yale yawagawie wanachama ardhi yao na kufunga kazi. Walikuwako waliokwisha kufa wakati huo, na watoto wao wakaanza kugombana juu ya karatasi ambayo haikutaja hata mpaka mmoja wa shamba. Basi tusirudie kosa lile katika ploti hizi za futi hamsini kwa mia.

KARATASI GANI NI ARDHI, NA KARATASI GANI SI ARDHI

Tangu Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji, tarehe 1 Desemba 2021, bei ya ploti imepanda, na madalali wameongezeka. Twende pole pole, tuzitazame karatasi ambazo mfanya kazi huonyeshwa.

Ya kwanza ni karatasi ya makubaliano. Sheria ya Mikataba yasema wazi tangu mwaka 2003: mapatano ya kuuza ardhi hayana nguvu mahakamani mpaka yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo. Kwa hiyo maneno ya mdomo, hata yakisemwa mbele ya wazee kumi, hayatoshi. Lakini angalieni: makubaliano yaliyoandikwa vizuri nayo bado si ardhi. Ni ahadi ya kuuziwa ardhi. Mtu aliyelipa na kubaki na makubaliano peke yake hajamaliza safari, amefika nusu ya njia.

Ya pili ni barua ya kugawiwa ploti, ile itolewayo na serikali. Katika mwaka 2023, katika kesi ya kampuni iitwayo Torino Enterprises, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba barua ya namna hiyo si hati ya kumiliki, na kwamba aliyepewa hawezi kumwuzia mtu mwingine ardhi kwa barua hiyo tu, kabla hajatimiza masharti na kuandikishwa. Basi dalali akikuonyesha barua ya zamani iliyokunjwa mara nane, akasema hii ni bora kuliko hati, mjibu kwa adabu kwamba Mahakama ya Juu imesema sivyo.

Ya tatu ni hati yenyewe. Hapa ndipo wengi hufikiri hatari imekwisha. Haikwisha. Mwaka huo huo wa 2023, katika kesi ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati iliyopatikana hapo mwanzo kwa njia isiyo halali haimlindi mnunuzi wa baadaye, hata kama yeye mwenyewe alilipa fedha yake kwa moyo safi. Ardhi ile ilikuwa ya umma tangu awali, na mwenye hati akaikosa. Maana yake kwetu ni hii: haitoshi kuona hati na kusoma jina la mwuzaji. Yapasa kujua ploti ile ilitoka kwa nani, na kabla yake kwa nani, mpaka kwenye asili yake.

Kazi ya kuyajua hayo ina mahali pake, nako ni ofisi ya kuandikisha ardhi. Humo mna daftari, na kila ploti ina kadi yake ionyeshayo wenyewe waliopita, na deni la benki kama liko, na zuio kama mtu ameliweka. Kupekua daftari hilo, ambako watu hukuita kufanya sachi, kwa miaka mingi kulilipiwa shilingi 500. Hata kama ada ikiongezwa, ni fedha kidogo sana mbele ya fedha ya ploti. Kisha kuna ramani ya eneo, na bikoni za mpimaji. Hati yaweza kuwa halali kabisa, lakini ploti uliyoonyeshwa na dalali ikawa ni ya mtu mwingine, na ile ya kwenye hati iko bondeni penye maji. Mpimaji mwenye leseni akienda pale na ramani, mambo hayo huonekana asubuhi moja.

HESABU YA GHARAMA

Sasa tuje kwenye jambo linalowatisha watu, yaani gharama. Twajua mfanya kazi husema hivi: bei yenyewe imenimaliza, nitapata wapi fedha ya wakili? Tuipige hesabu wazi wazi, maana gharama isiyojulikana hutisha kuliko ile iliyoandikwa.

Tuseme nyumba ndogo ndani ya jiji yauzwa shilingi 2,000,000. Mnunuzi atalipa haya:

Kwanza, ushuru wa stempu. Ndani ya mji ni asilimia 4 ya thamani, nje ya mji, mashambani, ni asilimia 2. Hapa basi ni shilingi 80,000. Thamani hiyo hukadiriwa na mthamini wa serikali, si na dalali. Kwa hiyo wale wanaoandika bei ya uwongo katika makubaliano ili kupunguza ushuru hujidanganya wenyewe, na tena siku wakienda mahakamani kudai fedha zao, bei ile ya uwongo ndiyo itakayosomwa.

Pili, ada ya wakili. Viwango vilivyotangazwa mwaka 2014 ni asilimia 2 kwa bei isiyozidi shilingi milioni 5. Hapa ni shilingi 40,000. Juu yake huongezwa kodi ya thamani, asilimia 16, nayo ni shilingi 6,400.

Jumla ya hayo ni shilingi 126,400. Yaani katika kila shilingi mia za bei, zaidi kidogo ya sita. Kisha kuna ada ndogo ndogo: kupekua, kuthamini, kuandikisha, na mpimaji. Mwuzaji naye ana mzigo wake. Tangu Januari 2023 kodi ya faida ya kuuza mali ni asilimia 15 ya faida, nayo ni juu ya mwuzaji, ila kwa wale sheria iliowasamehe. Msikubali mzigo huo uhamishwe kwenu kwa maneno matamu. Na ndugu anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu ajue kwamba sheria imemsamehe ushuru wa stempu. Aulize, asilipe kwa kutojua.

Ikiwa ploti ni ya shamba, nje ya mji, kuna jambo jingine kubwa, nalo ni bodi ya ardhi. Sheria yake ni ya mwaka 1967. Bila idhini ya bodi, mapatano ya kuuza shamba huhesabiwa kuwa batili, na maombi yapasa kupelekwa katika miezi sita tangu mapatano kufanywa. Wengi wa Njoro, Bahati, Rongai na Molo hununua robo eka, wakakabidhiana fedha, wakajenga, wasiende bodini. Miaka kumi baadaye mwuzaji amekufa, watoto wake wamekuja na wakili, wasema baba hakuuza.

Ni kweli mahakama imewahi kuwaokoa watu kama hao. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanunuzi 88 waliolipa na kukaa katika ardhi, ikasema mwuzaji aliyekula fedha yao hawezi kujificha nyuma ya kukosekana kwa idhini ya bodi. Lakini mwaka huo huo mahakama hiyo hiyo, kwa majaji wengine, ilishika maneno ya sheria yalivyo katika kesi nyingine, yaani bila idhini hakuna ardhi, bali fedha irudishwe kama deni. Mpaka mwaka 2018 ndipo ilipoelemea tena upande wa wanunuzi. Fikirini, ndugu. Miaka mingapi ya kusimama kortini? Nauli ngapi? Siku ngapi za kazi? Na ashindwaye kesi kwa kawaida hulipa gharama za mwenzake pia. Ada ya bodi na ya wakili ni kidogo kuliko tone la maji mbele ya mto huo.

Ndiyo maana twasema: gharama ya sheria ni sehemu ya bei ya ploti. Ukiambiwa ploti ni shilingi 500,000, usiseme nina 500,000, natosha. Sema nina 500,000, kwa hiyo natafuta ploti ya 440,000 au 450,000, na inayobaki ni ya kuifanya iwe yangu.

JE, GHARAMA HIZO NI ZA HAKI?

Sasa tusiseme upande mmoja tu. Sisi si wasemaji wa mawakili. Wanachama wameuliza maswali ya haki, nayo yastahili jibu.

Waliuliza: kwa nini karani mwenye akili, au mwalimu mstaafu, asituandikie hati kwa shilingi elfu mbili? Jibu ni kwamba Sheria ya Mawakili yakataza mtu asiye wakili kuandika hati za kuhamisha ardhi na kupokea malipo kwa kazi hiyo. Tena sheria hiyo hiyo yamkataza wakili mwenyewe kutoza chini ya kiwango kilichowekwa. Wao husema makatazo hayo yamlinda mteja, kwa sababu wakili akiharibu kazi aweza kushitakiwa na kunyang'anywa cheti, lakini karani wa kando ya barabara hana cha kunyang'anywa. Katika hilo kuna kweli kubwa. Karani akikosea namba moja ya ploti, utamtafuta wapi?

Lakini kuna upande wa pili. Kiwango kina sakafu, yaani kiasi cha chini ambacho hakishuki, ploti iwe ndogo namna gani. Kwa hiyo mtu wa nyumba ya milioni mbili hulipa asilimia 2, lakini mtu wa ploti ya laki mbili au tatu hulipa sehemu kubwa zaidi ya fedha yake. Aliye chini ndiye abebaye zaidi. Na ndiye huyo huyo akimbiaye kwa dalali, si kwa ujinga, bali kwa hesabu. Sheria iliyowekwa imlinde inamsukuma nje ya mlango.

Wala msidhani mambo haya ni amri ya Mungu isiyobadilika. Mwaka 1858, huko Australia ya Kusini, mtu mmoja aitwaye Robert Torrens alisimamia sheria mpya ya daftari la ardhi. Kusudi lake lilikuwa kumwondolea mnunuzi taabu na gharama ya kupekua makaratasi ya zamani: daftari la serikali liseme nani mwenye ardhi, na daftari liaminiwe. Utaratibu huo uliletwa Kenya na wakoloni, na sheria ya mwaka 1963 ya ardhi iliyoandikishwa ilifuata fikira hiyo hiyo, kwa fomu fupi na kadi moja kwa kila ploti. Sheria hizo zilifutwa mwaka 2012 na kuwekwa Sheria ya Kuandikisha Ardhi tuliyo nayo. Basi ona: daftari lilianzishwa ili mtu mdogo anunue kwa urahisi. Likichafuliwa na hati za uwongo, faida yake hupotea, na gharama ya kupekua asili humrudia mnunuzi. Kila hati ya uwongo itolewayo kwa rushwa ni kodi juu ya kila mfanya kazi anunuaye ploti.

Na Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilitoka, mwaka 1985 Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu watu wasio mawakili, waliosoma kazi hiyo moja ya kuhamisha nyumba na kupewa leseni, waifanye kwa malipo chini ya usimamizi. Hatusemi Kenya ifanye vile vile kesho. Twasema tu kwamba nchi yaweza kumlinda mnunuzi na bado ikatafuta njia ya kumpunguzia gharama. Hayo mawili hayapigani.

UFANYEJE BASI?

Tungojee sheria ibadilike? Hapana. Yako mambo tuwezayo kufanya sasa.

Jambo la kwanza ni kununua pamoja. Tuseme wafanya kazi kumi na wawili wa shamba moja la maua wana shilingi 400,000 kila mtu. Kila mmoja akienda peke yake, kila mmoja atalipa sakafu ile ya ada. Wakinunua kwa pamoja kipande cha shilingi 4,800,000, ada ya wakili ya asilimia 2 ni shilingi 96,000, yaani 8,000 kwa kila mtu, na kodi yake 1,280. Sachi ni moja, mpimaji ni mmoja, na mwuzaji akija na hila anakuta macho ishirini na manne.

Lakini kununua pamoja kuna shimo lake, na wazee wetu wa makampuni ya mashamba walilijua. Majina ya nani yataandikwa katika hati? Ikiandikwa kwa jina la mwenyekiti peke yake, siku mwenyekiti akifa mtazungumza na wajane wake. Na kipande kitagawanywaje, kwa gharama ya nani? Kugawa shamba nako kwahitaji idhini ya bodi, na kazi ya mpimaji, na hati mpya kumi na mbili. Kuhamisha mara ya pili kwaweza kuleta ushuru na ada mara ya pili. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, mwulizeni wakili: tutafikaje kwenye hati kumi na mbili, na safari yote itatugharimu nini? Ajibu kwa maandishi.

Jambo la pili ni kujua nani unashughulika naye. Dalali wa nyumba na ardhi, kwa sheria, yampasa awe ameandikishwa na bodi ya mawakala wa kazi hiyo. Mwombe cheti. Wakili naye hupata cheti cha kazi kila mwaka, na Chama cha Wanasheria cha Kenya chaweza kukuambia kama jina lile limo mwaka huu. Kuuliza si kumtukana mtu. Fundi wa reli haingii kazini bila kuonyesha kitambulisho, naye hakasiriki.

Jambo la tatu, kuwa na wakili wako mwenyewe. Wakili wa mwuzaji ni wa mwuzaji, hata akikukaribisha chai. Desturi ni kutoa sehemu moja ya kumi ya bei wakati wa kutia sahihi, nayo hushikwa na wakili mpaka mambo yakamilike. Inayobaki hulipwa hati za kuhamisha zikiwa tayari. Atakaye fedha yote mkononi siku ya kwanza, mwache aende zake. Na malipo yapite benki, yaache alama.

Jambo la nne ni la nyumbani. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa bila idhini ya mume na mke wote wawili. Hiyo ni Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Ukinunua, hakikisha mke wa mwuzaji, au mume wake, ametia sahihi. Na wewe mwanachama, usiifiche ploti kwa mwenzako. Twasema haya mbele ya dada zetu wa mashamba ya maua, ambao wengi hununua kwa jasho lao wenyewe kisha jina likaandikwa la mtu mwingine. Dada, jina lako liandikwe.

Jambo la tano, usikawie mwishoni. Hati ikishatiwa sahihi, ushuru wa stempu yafaa ulipwe katika siku thelathini, la sivyo kuna faini. Wengi hukunja hati za kuhamisha wakaziweka sandukuni mpaka wapate fedha. Wakati huo jina lililoko katika daftari bado ni la mwuzaji, naye aweza kuuza tena.

WAKILI AKIKUDHULUMU

Wako mawakili waaminifu, na wako wachache wanaokalia fedha ya mteja. Usiache haki yako kwa kumwogopa mtu mwenye tai. Yafaa akupe risiti ya kila shilingi. Akikudai, akupe hesabu iliyoandikwa na kutiwa sahihi, na kwa sheria hawezi kukushitaki juu ya ada hiyo mpaka mwezi mmoja upite tangu akupe hesabu. Ukiona hesabu imezidi, yaweza kupelekwa kwa ofisa wa mahakama aikague na kuipunguza. Akikataa kukurudishia fedha au hati, iko Kamisheni ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na liko Baraza la Nidhamu la Mawakili. Barua ya malalamiko yaweza kuandikwa na wewe mwenyewe. Na kama huwezi kuiandika, katibu wa tawi yupo.

MAOMBI YA KAMATI

Ndugu, twamaliza kwa kuyaweka mambo manne mbele yenu, mkayazungumze katika matawi na kuleta majibu katika mkutano ujao.

Moja, kila tawi lichague watu wawili, mmoja wao mwanamke, wajifunze njia ya kufanya sachi, ili wamsindikize mwanachama yeyote katika ofisi ya ardhi kabla hajatoa fedha.

Mbili, katika akiba zetu za ushirika pawe na fungu la gharama za sheria. Mtu akikopa fedha ya ploti, mkopo uhesabiwe pamoja na ushuru na ada, tena sehemu hiyo ilipwe moja kwa moja inakotakiwa, isipitie mfukoni.

Tatu, chama kiafikiane na mawakili wenye vyeti halali, wawe tayari kuwafanyia kazi wanachama wanaonunua kwa vikundi, na ada ijulikane tangu mwanzo.

Nne, chama kiandike kwa Jaji Mkuu, ambaye kwa sheria ndiye mwenye uwezo wa kutangaza viwango vya ada za mawakili, kumwomba aitazame sakafu ile kwa ploti za bei ndogo. Tutaandika kwa heshima, lakini tutaandika kwa hesabu.

Babu zetu waliijenga reli hii na kulima mashamba haya bila kumiliki hata mahali pa kusimika mwimo wa mlango. Sisi twaruhusiwa na sheria kununua. Yaliyobaki ni kununua kwa namna ambayo mtoto wako hatahitaji kesi ili alale mahali ulipomwachia. Ukikutana na dalali kesho asubuhi, kabla ya kutoa mkono mfukoni, pita kwanza ofisi ya tawi. Mlango u wazi, na shauri ni bure.